Matofaa ya Januari

Kamusi inasema tofaa. Sokoni Makambako hakuna anayesema tofaa. Watu wanasema epo, na wingi wake maepo. Ukivuka bahari hadi Unguja ukaomba tofaa, unaweza kupewa tunda jingine kabisa, lile jekundu la umbo la kengele, lenye maji mengi na nyama laini kama sifongo, ambalo mti wake hauhitaji baridi hata chembe. Neno lilitoka Uarabuni, ambako tuffah ni tunda la nchi za baridi. Lilipofika pwani ambako tunda lenyewe halioti, likavishwa tunda lililokuwepo.

Ninasoma shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, Dar es Salaam, na maneno ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Nyumbani kwetu mambo yako kinyume. Tunaishi chini kidogo ya Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, mkoa wa Njombe. Huko tunda lipo, neno ndilo halikutulia. Bibi yangu hajawahi kusema tofaa wala epo. Yeye husema "yale ya Januari".

Nitaeleza kwa nini anayaita hivyo, maana bila kulijua hilo huwezi kuelewa kwa nini Desemba iliyopita watu wazima saba wa ukoo wetu walikaa sebuleni mchana kutwa wakijadili kama miti 20 ikatwe au iachwe.

Wageni wanaijua Kitulo kwa maua. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na watu wa huku huiita Bustani ya Mungu. Mvua zikishika, uwanda ulio juu ya mita 2,600 hufunikwa na maua ya kila rangi, okidi zikiwemo. Okidi hizo hizo ndizo zilizofanya hifadhi ianzishwe, kwa sababu viazi vyake vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kupelekwa Zambia kutengenezwa chikanda. Kwetu sisi tunaolala chini ya uwanda huo, Kitulo ni baridi kwanza, maua baadaye. Juni na Julai unaamka asubuhi majani ya malisho yamekuwa meupe kwa jalidi, maji ya ndoo yana utando wa barafu, na watoto wanakwenda shule wamejifunga blanketi mabegani.

Mtofaa ni mti unaohesabu baridi hiyo. Majani yakidondoka, machipukizi yake hulala, na hayaamki mpaka yapate saa za kutosha za ubaridi, kwa kawaida chini ya nyuzi 7 za selsiasi. Aina nyingi za Ulaya hutaka saa 800, 1,000 au zaidi. Zikipandwa mahali ambapo hazipati saa hizo hazifi, ila hubaki zimeduwaa: majani yanatoka mafungu mafungu, maua machache yanatokea mwezi wowote, matunda hayaeleweki. Bibi anaikumbuka miti ya namna hiyo karibu na majengo ya misheni alipokuwa msichana. Ilikuwa mirefu, na matofaa yake yalikuwa madogo na makali, hata ngedere waliyatema.

Miti yetu ni ya aina nyingine. Mwaka 2006 babu, aliyekuwa kibarua wa kutunza ng'ombe, alinunua miche 20 iliyobebeshwa. Miche 17 ilikuwa ya aina iitwayo Anna na mitatu ya Dorsett Golden. Anna ilizalishwa Israeli, katika kibutzi cha Ein Shemer, na mtu aitwaye Abba Stein, aliyetafuta tofaa linaloweza kuzaa nchi ya joto. Dorsett Golden ilitokea Nassau, visiwa vya Bahamas, mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kuokota tofaa. Anna inatosheka na saa 200 hadi 300 za baridi. Hata hivyo, ikiwa peke yake huzaa kidogo. Inahitaji chavua ya aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, na Dorsett Golden ndiyo mwenzake. Ndiyo maana Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, nako utazikuta mbili hizi pamoja.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolijua. Mbegu ya tofaa haitoi mti kama mama yake. Panda mbegu kumi za tunda moja, utapata miti kumi isiyofanana, na mingi matunda yake hayaliki. Ili upate Anna ni lazima ukate kijiti au jicho la Anna na kulibebesha juu ya shina jingine. Kwa hiyo kila Anna duniani, iwe Kabale, iwe Israeli, iwe kwenye robo eka ya bibi yangu, ni kipande cha mti ule ule mmoja kilichopitishwa mkono kwa mkono. Mti huu haujiendelezi wenyewe. Kila unapouona, ujue kuna mtu aliyeinama na kisu.

Sifa kubwa ya Anna, hata hivyo, ni kuwahi. Nyumbani tunapogoa Julai, mti ukiwa mtupu. Mwishoni mwa Agosti maua yanafunguka, meupe yenye wekundu kwa nyuma, na nyuki wanatoka kwenye mizinga ya jirani. Oktoba tunapunguza matunda: penye matano kwenye fungu moja tunabakiza mawili, na mtoto yeyote aliyepewa kazi hiyo huumia moyo kutupa matunda mazima. Wiki ya Krismasi ya kwanza yanaiva. Mwisho wa Januari yamekwisha.

Sasa fikiria Januari ya mkulima wa nyanda za juu. Mvua zilianza Novemba. Mahindi yako shambani, hayajafika hata kiunoni. Viazi vilivyopandwa na mvua za kwanza bado havijakomaa. Ghala limebaki na mbegu na vumbi. Huna cha kuuza, na mwezi huo huo shule zinafunguliwa.

Baba yangu alifariki 2004, nikiwa na miaka mitano. Mama alimfuata mwaka uliofuata. Utafiti wa kitaifa wa 2011 na 2012 ulikuta maambukizi ya virusi vya Ukimwi mkoani Njombe ni asilimia 14.8, ya juu kuliko mkoa wowote nchini. Kijijini kwetu hatukuhitaji takwimu. Nyumba ya bibi na wajukuu ilikuwa nyumba ya kawaida. Kwetu tulikuwa wajukuu wanne, na babu aliondoka 2009, mwaka mmoja kabla miti haijaanza kuzaa sawasawa.

Januari 2013 nilichaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya serikali. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka. Juu yake kulikuwa na karatasi ya maelekezo: godoro, mablanketi mawili, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, tranka lenye kufuli, sare jozi mbili. Bibi alinifanya niisome kwa sauti mara mbili. Kisha akatoka nje, akazunguka miti yake akihesabu kwa kidole, akarudi akasema, "Godoro litakuwa la inchi tatu. Vingine vyote vinatosha."

Msimu ule tulichuma ndoo 26 za lita 20. Najua kwa sababu nilizihesabu, kila ndoo mstari mmoja wa mkaa ukutani jikoni, na mistari ile ipo mpaka leo chini ya masizi.

Kuchuma tofaa la mapema kuna adabu yake. Huvuti. Unaliweka tunda kiganjani, unaliinua kuelekea juu na kulizungusha kidogo. Kama limeiva, kikonyo kinaachia chenyewe kwenye tawi. Kama linagoma, liache. Wekundu usikudanganye, kwa sababu Anna huwa jekundu upande wa jua kabla halijaiva. Tazama upande wa kivuli: rangi ya kijani ikielekea njano, wakati umefika. Ukiwa na shaka kata moja. Mbegu nyeupe, subiri. Mbegu za kahawia, chuma. Hayaivi yote kwa pamoja, kwa hiyo mti mmoja unaurudia mara tatu au nne, kila baada ya siku chache. Ukichelewa wiki moja, tunda lililokuwa linakatika kwa mlio linageuka la unga mdomoni.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Tofaa linalochelewa huwa na ngozi ngumu na sukari iliyotulia, na linaweza kukaa ghalani miezi. Linalowahi halina subira. Nje ya jokofu Anna ana wiki mbili hivi za uzuri, basi. Huwezi kusema nitachuma nikipata nafasi. Huwezi kusema nitauza bei ikipanda. Siku yake ndiyo hiyo, na lazima awepo mtu.

Kuwahi kuna hatari nyingine pia. Ua linalofunguka Agosti linafunguka baridi ikiwa bado mlangoni. Mwaka 2014, usiku mmoja wa mwisho wa Agosti, mbingu ilikuwa safi na upepo ukatulia kabisa. Bibi alijua. Alituamsha saa saba usiku, tukawasha maranda mabichi na nyasi mbichi pembe zote nne za bustani ili moshi utande juu ya miti. Tulikaa tukikohoa mpaka alfajiri. Kulipokucha maua yalionekana mazima. Siku ya pili katikati ya kila ua palikuwa peusi, mahali ambapo tunda lingeanzia. Mwaka ule hatukuchuma hata ndoo moja. Januari 2015 bibi aliuza nguruwe jike aliyekuwa na mimba, na mimi nilifika shuleni wiki ya tatu ya muhula. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Bibi alipoambiwa, aliuliza kama wamefuta na madaftari.

Aliyekuwa anauza ni shangazi. Miaka ile barabara ya Makete hadi Njombe ilikuwa ya vumbi na utelezi, na matofaa yalisafiri kwenye ndoo zilizotandikwa majani makavu, yakishuka na kupanda kwa kila korongo. Leo ni lami. Kutoka Njombe unaendelea hadi Makambako, mahali barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Kila basi linasimama, na kila dirisha ni mteja.

Nimesimama na shangazi pale stendi mara nyingi. Abiria anachungulia, anaona matofaa marefu kidogo, mekundu shavu moja, yenye madoa mawili matatu. Anauliza, "Ya Sauzi haya?" Shangazi anajibu, "Ya Makete, mwanangu. Yamechumwa jana." Na abiria, mara nyingi, anarudisha kichwa ndani. Anataka lile linalong'aa, lenye kibandiko. Desemba moja nilimweleza shangazi jambo nililosoma: kwamba Afrika Kusini huvuna matofaa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi kama Mei, kwa hiyo tofaa la Sauzi linalouzwa wakati wa Krismasi limelala kwenye chumba cha baridi tangu mavuno ya mwaka huo, miezi saba au zaidi. Shangazi aliwaza. Kisha akaanza kuwaambia abiria, "La Sauzi limezaliwa Aprili. Hili la kwangu limezaliwa jana. Chagua." Mauzo yaliongezeka. Hayakuongezeka sana, lakini yaliongezeka.

Aprili 2025 nilidhani dunia imegeuka. Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, baada ya nchi hizo kuzuia mazao yetu, ndizi zikiwa mojawapo. Simu yangu ilijaa ujumbe kutoka nyumbani: maepo ya Sauzi yamezuiwa, sasa ni zamu yetu. Lakini ilikuwa Aprili. Kwenye miti yetu hakukuwa na kitu isipokuwa majani. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache. Baba mdogo alinipigia akicheka kwa uchungu. "Unaona? Soko limekuja, sisi tumeshamaliza. Huo ni mti gani?"

Lilikuwa swali la kweli, na Desemba alilileta kikaoni.

Wakinga ni watu wa biashara, kila mtu nchini anajua hilo. Watoto wa bibi walio hai wana maduka Makambako, Mbeya na Dar. Wajukuu wanne aliowalea wote tumemaliza shule. Krismasi tunarudi, magari yanajaa uani, na tarehe 27 tunakaa kikao. Baba mdogo aliongea kwa adabu. Alikuwa na karatasi.

"Mama, hakuna anayedharau kazi ya miti hii. Imewasomesha hawa. Lakini wamekwisha kusoma. Wewe una miaka 79 na unapanda ngazi. Msimu mzuri tunapata laki sita, tukitoa samadi na nauli inabaki laki nne. Tukipanda mipaina hakuna kupogoa, hakuna kuamka usiku. Baada ya miaka kumi na kitu ni mbao."

Mtu mmoja akapendekeza parachichi, kama Njombe nzima inavyofanya. Wazee wakatikisa vichwa; kwa jalidi yetu mche wa parachichi unaungua kabla haujajua jina lake. Mwingine akasema basi tupunguze tu, tukate ile mitatu ya matunda ya njano isiyouzika vizuri, tubakize myekundu. Ikabidi nieleze habari ya chavua: ukiikata hiyo mitatu, hii 17 itabaki kivuli. Kikao kikanyamaza kidogo, maana kila mmoja wetu alikuwa amekula matunda yale miaka 15 bila kujua hilo. Bibi alikuwa anajua.

Mimi sikuwa na hoja ya kumshinda baba mdogo. Hesabu zake zilikuwa sahihi, na ngazi ile mimi pia naiogopa. Tena mimi ninaishi kilomita zaidi ya 700 kutoka hapo. Kumbukumbu zangu hazipogoi.

Bibi alimsikiliza kila mtu hadi mwisho. Hakuongea habari za babu wala za marehemu. Aliuliza swali moja, akilizungusha kwa kila mtu kwa zamu: "Agosti utakuwa wapi?" Baba mdogo, dukani. Shangazi, Makambako. Mimi, chuoni. Swali lilipofika kwa binamu yangu, binti wa marehemu shangazi mkubwa, aliyekuwa amekaa karibu na mlango amempakata mwanawe, alisema, "Hapa."

Ana miaka 24. Alimaliza kidato cha nne, hakuendelea. Kwenye karatasi ya baba mdogo hakuwemo, si kwa ubaya. Tulizoea kumwona kama sehemu ya nyumba, kama sufuria. Lakini misimu mitatu mfululizo yeye ndiye aliyekuwa akipanda ile ngazi. Bibi alikuwa anashika tu miguu yake.

"Basi ni ya huyu," bibi alisema. "Anayekuwepo ndiye mwenye mti."

Mabishano yaliendelea mpaka jua likazama, kwa sababu ardhi ni ya ukoo na neno "ya huyu" ni zito, hasa likitamkwa kwa mtoto wa kike. Tulikubaliana hivi: miti haikatwi kwa miaka mitano, mapato ni ya binamu, naye atampa bibi sehemu, baba mdogo atanunua waya wa uzio na ngazi mpya. Kwenye ngazi alikubali upesi kuliko kwenye mapato. Mtu akamshauri binamu aongeze aina inayochelewa, ili siku nyingine Aprili isitukute mikono mitupu. Bibi akaguna. "Ya Aprili yatamlipia nani?"

Nilidhani ni mazoea ya kizee tu, mpaka nilipomtazama mtoto aliyelala mapajani mwa binamu. Ana miaka minne. Ada hakuna siku hizi, lakini sare zipo, viatu vipo, madaftari na michango ya uji ipo, na vyote hudaiwa wiki moja. Ataanza darasa la awali Januari 2027.

Mwezi huu wa Machi binamu amenitumia picha. Amepanda mashina matano pembezoni mwa bustani na kuyabebesha kwa jicho: manne ya Anna, moja la Dorsett Golden, kila kidonda kimefungwa kwa utepe wa plastiki. Nilimuuliza atajuaje kama yameshika. Akaniandikia kwamba anasubiri wiki tatu, kisha anakigusa kile kipande cha bua la jani kilichoachwa chini ya jicho. Kikikauka na kung'ang'ania, jicho limekufa. Kikidondoka chenyewe, liko hai. Kati ya matano, matatu yamedondosha. Hayo mawili atayarudia Agosti, na ameniuliza kama nitakuwepo. Nimekwisha kumwandikia msimamizi wangu kuomba wiki mbili.